Mizunguko Hamsini

Swali lenyewe halikuwa la kumtoa mtu jasho. Jiwe la kunolea visu linaanza kuzunguka, kasi yake inapanda kwa kiwango kilekile, na baada ya sekunde kumi linafikia mizunguko mitano kwa sekunde. Je, limezunguka mara ngapi kwa jumla?

Mwalimu wa fizikia alikuwa amefika karatasi ya tano alipogundua kwamba aliyekosea ni yeye. Mwongozo wake wa kusahihishia ulisema hamsini. Alizidisha tano kwa kumi, kana kwamba jiwe lilianza na kasi yote. Wastani wa kasi ni mbili na nusu. Jibu ni ishirini na tano. Akakata hamsini kwa kalamu nyekundu, akashukuru kwamba chumba cha walimu kilikuwa kitupu.

Kwenye karatasi ya ishirini machale yakamcheza. Hesabu ilikuwa safi: wastani, muda, ishirini na tano. Kisha ishirini na tano ikakatwa, na pembeni, bila hesabu yoyote, pakaandikwa hamsini.

Lilikuwa kosa lake mwenyewe, kwenye mwandiko wa mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, aliyeishi naye na kumwita Mama mdogo.

Wazo la kwanza likamkimbilia mtunza maabara. Ndiye mwenye ufunguo wa kabati la mitihani, na hivi karibuni alikuwa mcheshi mno kwa wanafunzi. Akamfuata hadi maabara, akamkuta anafuta mizani.

"Kuna mtu ulimfungulia kabati?"

"Hapana, Mwalimu."

"Una hakika? Majibu yangu yamevuja."

Yule bwana akaweka kitambaa chini, akamtazama usoni. "Majibu hayajawahi kuingia humu. Uliniletea maswali tu. Ulisema majibu utayamalizia nyumbani."

Mwalimu akakumbuka. Ni kweli. Aliyaandikia nyumbani kwenye meza ya kulia chakula, akayaacha hapo akaenda kuoga.

Jioni alimkuta mpwa wake anakunja nguo. Akaketi, akaiweka karatasi juu ya nguo zilizokunjwa. Binti aliitazama, mikono ikasimama.

"Nilikuwa napangusa meza, Mama mdogo," alisema. "Niliona jibu moja tu. Sikugeuza ukurasa."

"Lakini ulikuwa umeshalipata lililo sahihi."

"Nilijua hesabu yangu inakubali. Niliirudia mara tatu." "Nikadhani wewe huwezi kukosea."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kufoka. Badala yake aliigusa kwa kidole ile ishirini na tano iliyokatwa.

"Mtihani huu nimekufutia," alisema. "Utafanya mwingine, na atautunga mwalimu mwingine. Mkuu wa shule nitamwambia mimi, makosa yako na yangu."

Binti akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga.

Asubuhi mwalimu alianzia maabara. Aliomba radhi akiwa amesimama mlangoni, bila kuzungusha maneno. Mtunza maabara alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yamekwisha, Mwalimu," ingawa hakutabasamu. Kisha mwalimu akaenda darasani, akachora jiwe la kunolea ubaoni, akaandika jibu lake la hamsini chini yake, na kuwauliza wanafunzi ni nani awezaye kumwonyesha alipopotea.

Mikono mingi ikanyooshwa. Wa mpwa wake ulichelewa, lakini nao ukapanda.