Kamba ya Pero

Mama mwenye watoto wadogo anaijua Jumamosi ilivyo. Mvua imekatika, watoto wameanza kuvutana nywele, na wewe unatafuta mahali pa kuwatembeza: pasiwe mbali, pasiwe na magari, pawe na cha kutazama kabla hawajaanza "nibebe, nibebe". Naandika haya ili anayetafuta njia kama hiyo asome kwanza, ndipo awavishe watoto buti.

Njia nilionyeshwa na wifi yangu Eirlys, dada wa mume wangu. Hana mtoto. Ana mbwa, Pero, mweusi mwenye shingo nyeupe, na kwake huyo ndiye kifungua mimba na kitinda mimba.

"Delyth, ni kama kuzunguka meza," aliniambia. "Kanisani, kijito, malisho mawili, mnatokea nyuma ya shule. Osian ataimaliza kwa miguu yake."

"Osian ana miaka mitatu, wifi. Akiona tope anakaa."

"Akikaa nitambeba. Wewe unaogopa mpaka kivuli cha kuku!"

Binti yangu Mabli, wa miaka sita, akacheka. "Mama anaogopa kuku!"

Basi tukaenda. Na siwadanganyi, njia ilikuwa nzuri. Kijitoni kulikuwa na mayai ya chura. Malisho ya kwanza yalikuwa ya kondoo, na watoto waliokota sufu iliyonasa kwenye waya wakajaza mifuko. Eirlys aliizungusha kamba ya Pero kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, akaivuta ikakaza. Sote huku tunafanya hivyo. Mbwa akikimbiza kondoo, mwenye kondoo anaweza kumpiga risasi na asiulizwe. Tangu utoto tunaambiwa: ukiona mifugo, kaza kamba.

Malisho ya pili unaingia kwa vipandio vya mawe vilivyojengwa ukutani. Nilipofika juu nikaona ng'ombe. Walikuwa bondeni, na miguuni mwao ndama wamelala kwenye nyasi.

"Turudi," nikasema.

"Turudi kwa ajili ya ng'ombe? Hii ni njia ya watu wote, marehemu bibi yangu alipita hapa akienda kanisani. Tutaambaa na ukuta."

"Wana ndama, Eirlys."

"Na wewe una wako. Mtaelewana."

Nilishuka. Nikamshika Osian mkono, Mabli akatangulia. Hatukufika mbali. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Hakututazama sisi, alimtazama Pero. Kisha wote wakainuka, na wakaanza kuja, kwanza kwa kutembea, halafu si kwa kutembea tena.

Hapo Eirlys akafanya ambacho kila mpenda mbwa angefanya. Akamnyanyua Pero kifuani, akakimbilia kwetu. Na ng'ombe wakamfuata yeye, maana yake wakatufuata sisi.

"Mwachie mbwa!" nikapiga kelele. "Mwachie, atakimbia mwenyewe!"

"Watamuua! Huyu ni mtoto wangu!"

"Na hawa ni wa nani?"

Nilimrusha Osian juu ya ukuta kama gunia, naye akaanguka upande wa pili kwenye majani yanayowasha, akalia. Sijawahi kufurahia kilio chake kama siku ile. Mabli alipanda mwenyewe, sufu ikimdondoka mfukoni. Nami nikawa mguu mmoja juu ya jiwe, nikageuka.

Eirlys alikuwa chini. Pero alimponyoka mikononi, lakini kamba ilikuwa bado kwenye kifundo, na mbwa aliivuta akizunguka, akilia, na ng'ombe wakimfuata wakampitia juu mama wa mbwa. Mmoja alimsukuma kwa paji la uso kama anayesukuma mlango. Nilirudi. Sijui nilirudije. Nilipiga magoti, nikaitafuta ile kamba kwenye kifundo, imezama kwenye nyama, nikaizungusha mara moja, mara ya pili, ikatoka.

Pero akaondoka kama risasi. Ng'ombe wote wakamgeukia. Akapenya kwenye tundu la ukutani wanalopitia wana-kondoo, akapotea. Ng'ombe wakasimama pale wakipumua, kisha wakarudi kwa ndama wao kana kwamba hatukuwepo.

Hospitalini walisema mbavu tatu zimevunjika. Alipofumbua macho, Eirlys aliuliza, "Pero yuko wapi?"

"Yuko kwangu. Amekula kuliko watoto."

Akafumba macho tena. Nilingoja aulize lingine. Osian alikuwa mlangoni na baba yake, miguu imevimba kwa yale majani. Hakuuliza. Mume wangu akaniambia tukiwa kwenye gari, "Ameumia, Delyth, usimhesabie." Simhesabii. Lakini usiku Osian akilia "wanakuja", ni mimi ninayeamka.

Kwa hiyo nawaambieni kina mama. Msiulize tu kama njia ni fupi. Ulizeni kama kuna ng'ombe wenye ndama, na kama wapo, rudini, hata mkichekwa. Kama mna mbwa, kamba ikae kiganjani, isizungushwe. Kwa kondoo mkaze, kwa ng'ombe mwachie. Mbwa atafika nyumbani kabla yenu.

Jumamosi iliyopita mlango uligongwa. Ni Eirlys, anapumua kwa upande mmoja, anacheka.

"Nimepata nyingine! Msituni, hakuna ng'ombe hata wa dawa. Kuna mti wenye shimo, mtoto anaingia mzima."

Mabli alishavaa buti. Osian alikaa sakafuni ananyoosha miguu nimvishe, mara ya kwanza tangu siku ile kutaka kutoka. Nami nikatazama mkono wa wifi yangu. Alama ya kamba bado ilikuwepo, ya zambarau. Juu yake kamba ya Pero, imezungushwa mara mbili, imekazwa.

"Fungua hiyo kamba mkononi, wifi," nikasema.

"Aa, Delyth, si nimekwambia hakuna ng'ombe?"

Nikamvua Osian buti moja niliyokuwa nimemvisha. Alilia, akampigia shangazi yake kelele asiende. Nikafunga mlango taratibu, Pero akikwaruza upande wa nje.