Vijiti Vyekundu vya Evariste

Evariste alipasua ukanda wa kitambaa chekundu, akaufunga kwenye kijiti cha thelathini na moja, akakichomeka kando ya ua. Lilikuwa ua dogo la manjano, majani yake yenye manyoya meupe upande wa chini. Miaka minne alikuwa amelitafuta kutoka Wamaza hadi Nyangwe. Hakuliona popote ila kwenye mteremko huu wa mawe. Marehemu mke wake, Emilienne, ndiye aliyemwonyesha ua hilo hapa. Kitambaa kilikuwa kikwembe chake, kitenge alichokuwa akijifunga.

Alipozunguka jiwe kubwa alikuta mashimo matano. Jana palikuwa na vijiti vitano na maua matano. Bienvenu, mchimba dhahabu kutoka Kivu, alikuwa kwenye shimo la sita, udongo umemfika kiunoni.

"Papa Evariste, aksanti kwa alama!"

"Si za dhahabu, mwanangu. Ni za maua."

"Maua! Inakuliwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Sijui."

"Na mutu muzima anatembea saa mbili kila siku juu yake?" Wenzake wakacheka. "Papa, uko na siri."

"Nikiving'oa vijiti?"

"Basi tutajua unaficha."

Evariste hakukasirika. Mwenye njaa huamini kijiti kuliko mzee. Alianza kukata vijiti vingine, akavichomeka pasipo na ua: kwenye changarawe, kwenye kichuguu, kando ya njia ya pikipiki. Vikienea kila mahali havitamwambia mtu lolote. Hata yeye havitamwambia. Maua yakifumba, hatajua tena yalipo, wala hakuna wa kumuuliza.

Siku zote alikipasua kikwembe kidogo kidogo, ili kidumu. Leo alipasua bila kupima.

"Na pale iko dhahabu?" Bienvenu aliita.

"Hapana."

"Na pale chini?"

"Hapana."

Bienvenu alitoka shimoni, akautazama mteremko uliojaa vitambaa, akakuna kichwa.

Jua lilipoanza kuzama, upande wa chini wa mteremko ulikuwa bado hauna vijiti. Mkononi mwa Evariste lilibaki pindo tu, lile ambalo Emilienne alilishona kwa mkono. Lingetosha vijiti kumi. Alilikunja, akalitia mfukoni, akaegemeza fungu la vijiti kwenye jiwe. Kesho angeanzia kwenye kichuguu, avipasue vitambaa vya huko viwili viwili, vitoshe hadi chini.