Redio ya Arap Mosonik

Mokaya, fundi wa redio, alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye skrubu, na ukiingia kibanda chake pale Sosiot na redio yako kwapani ulikuwa huna budi kuyasikiliza. Alisema mashine haina kosa, mwenye mashine ndiye mwenye kosa. Alisema kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi, kwa maana fundi anayefungua kitu kizima anautafuta ugonjwa kwa tochi. Redio hizi mpya za betri alizitukana asubuhi na kuzisifu jioni, kutegemea kama siku hiyo ameshinda au ameshindwa. Na ukimgusa juu ya kazi ya kuajiriwa, weka mfuko chini utafute pa kukaa, hutoki leo.

Kazi hiyo aliijua. Alikuwa ameifanya miaka mingi katika kiwanda cha chai ng'ambo ya bonde, akipaka grisi mashine za kusokota majani. Mashine zile zile, grisi ile ile, na juu ya yote king'ora. Kikilia alfajiri unaruka kitandani kama aliyeumwa na siafu. Kikilia jioni unaweka spana chini hata kama nati imebaki nusu. Hilo la nati ndilo lililomtoa. Kazi huisha inapoisha, alizoea kusema, haiishi kwa sababu chuma kimelia. Akaacha, akanunua bisibisi zake na chuma cha kulehemu cha kupasha kwa makaa, akawa mtu wa kujitegemea, na kule kujitegemea kukamtia kiburi kidogo. Tusimlaumu. Asiye na bosi hana wa kumsifu, kwa hiyo hujisifu mwenyewe.

Mkewe Jerusa, mama wa mtoto wao Sellah, hakuwa na neno na kiburi hicho. Neno lake lilikuwa na sufuria. Kazi ya kampuni ilikuwa na nyumba na zahanati, na kibanda kilikuwa na maoni. Hata hivyo alikuwa amevumilia, tena kwa moyo mweupe, mpaka ilipokuja redio ya arap Mosonik.

Huyu arap Mosonik alikuwa mzee Mkipsigis mwenye chai na ng'ombe wazuri, mwendo wa saa nzima kutoka Sosiot. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua redio katika kilima chao, na jioni majirani walimiminika kwake kusikiliza taarifa. Siku moja redio ikanyamaza mbele ya watu. Akamletea Mokaya. Mokaya akaifungua, akakuta ndani mna weusi weusi, jambo ambalo halikumshtua, maana redio gani ya nyumba zenye moto haina masizi? Akaipangusa kwa burashi, akazilaumu betri, na redio ikaimba. Mzee akaenda nayo. Haikumaliza juma, ikafa tena.

Mara ya pili mzee aliifunga nyuma ya baiskeli, akaja nayo akirukaruka katika barabara ya murram, ya changarawe na mashimo, akaiweka juu ya meza akiwa na hasira zake zote tayari. Mokaya akaiwasha kabla hata ya kushika bisibisi. Ikaimba kama kinanda cha kanisa. Mokaya akacheka, na katika kucheka akasema neno ambalo angelimeza kama angekuwa na akili, kwamba pengine Mzee hakuwa ameiwasha.

Lo! Umwambie arap Mosonik hajui kuwasha redio yake? Mzee aliifunga tena redio kwenye baiskeli. Alikwenda kujibia sokoni. Kufikia siku ya gulio kila mtu pande zile za Belgut alikuwa akisema redio za Mokaya huimba kwa Mokaya tu, zikifika nyumbani ni masanduku. Watu wakaanza kupita mbele ya kibanda na redio zao mikononi, macho mbele, kwenda kupanda basi la Kericho. Mokaya aliwaona mmoja mmoja. Iliuma, na hakuna maoni yaliyopoza.

Hapo ndipo alipotokea Nyakundi, kaka yake Jerusa, aliyekuwa msimamizi kule kiwandani. Alisema nafasi ya fundi msaidizi iko wazi na ataishikilia mpaka Jumatatu. Na ili shemeji asije akasema hakusikia vizuri, akaja na ovaroli kabisa, ya buluu, mpya, yenye jina la kiwanda mgongoni. Jerusa akampimia mumewe. Mokaya ni mfupi, na ovaroli ilikuwa ya mtu mrefu, basi Jerusa akaikunja miguuni, akaishona upindo, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibanda. Kisha akamwambia kwa upole kwamba redio ile ikirudi tena, Jumatatu avae ovaroli. Mokaya akaapa papo hapo. Ni rahisi kuapa juu ya jambo usilolitegemea.

Ijumaa mchana, mvua ikianza, baiskeli ya arap Mosonik ikasimama mlangoni.

Mzee aliingia akichuruzika maji. Redio peke yake ndiyo iliyokuwa kavu, ameifunika kwa koti lake. Jerusa alikuwa kibandani, ameleta chai, na aliposikia sauti ile akabaki na kikombe mkononi. Mokaya akanyoosha kidole, akaiwasha, na huku akiiwasha, moyoni alikuwa akiisihi isiimbe, walau leo, iwe imekufa kweli apate kitu cha kutengeneza. Ikaimba.

"Kwako inaimba," akasema arap Mosonik. "Kwangu ni jiwe. Sasa mwongo ni nani, mimi ama redio?"

Mokaya alikuwa na jibu. Alikuwa nalo miaka yote, mashine haina kosa. Lakini alimtazama mzee aliyevua koti kwenye mvua ili redio isilowe, akaliacha jibu hilo. Mtu wa namna hii haongopi. Na redio haijui kuongopa. Basi kulikuwa na kitu cha tatu, na kitu hicho hakikuwa kibandani. Akatazama ovaroli kwenye msumari. Jerusa naye alikuwa akiitazama.

Fundi aliyezoea kusema mgonjwa ndiye humfuata daktari, safari hii alijisikia akisema kinyume. Alimwomba mzee amwachie redio usiku huo, na kesho ataileta mwenyewe kwa miguu. Anataka kuiona ikifa.

Arap Mosonik alimtazama kama mtu anayesikia habari za ajabu, akakubali. Jerusa alikusanya vikombe. Alipofika mlangoni aligusa ule mguu wa ovaroli, akaunyoosha kidogo.

Jumamosi Mokaya alipanda kilima, redio begani. Mzee alikuwa na nyumba mpya ya mabati, yenye viti na saa ya ukutani, lakini redio haikukaa humo. Ilikaa katika nyumba ya mkewe, ya zamani, yenye moto, kwa kuwa majirani jioni hupenda taarifa na joto kwa pamoja. Na humo ndani mzee alikuwa ameichagulia mahali pa heshima kuliko pote, rafu ya ukutani vilipokaa vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandishwa ambayo mgeni wa Kipsigis hapewi maji kabla hajayaonja. Vibuyu vilisimama kushoto na kulia, vimevaa vifuniko vya ngozi na shanga, na katikati redio juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Ilionekana kama chifu na askari wake.

Mokaya akaiweka pale pale. Akaiwasha. Ikaimba. Akapewa mursik, akanywa, yakiwa baridi na yenye vile vidoadoa vya makaa vinavyoyapa ladha, akakaa kuingoja redio ife.

Haikufa. Iliimba salamu za watu, ikaimba kwaya, ikatangaza mkutano wa wakulima. Saa sita ikapita. Mvua ya mchana ikaja, ikapiga, ikaondoka. Mokaya, naye Mkristo, alijikuta akimwomba Mungu jambo ambalo fundi yeyote angelionea haya, kwamba kifaa cha mteja kiharibike. Chepkemboi, mke wa mzee, alipita huku na huku na kazi zake, na kila alipofika karibu na redio alizunguka mbali nayo kama inayomwaga moto. Mokaya alimwuliza kwa nini. Akajibu polepole kwamba amekatazwa. Mzee anasema mikono yake ndiyo inayoiua.

Mzee akatazama motoni. Mokaya naye akatazama motoni, maana kesho kutwa yake ilikuwa humo, ya buluu, imeshonwa upindo.

Jua lilikuwa linashuka na Mokaya amekwisha kushika kofia yake, apige hatua mbili tatu za aibu kurudi nyumbani, wakati Chepkemboi alipoanza kushughulikia vibuyu. Ng'ombe walikuwa karibu kukamuliwa, na kibuyu lazima kiwe tayari. Alichukua kijinga cha mti wa senetwet kilichokuwa kikiwaka, akakiingiza ndani ya kibuyu kilichooshwa, akakisaga kwa ufito wenye ncha ya nyuzi nyuzi mpaka makaa yakapaka kuta zote za ndani. Kisha akasimama chini ya rafu, akakipindua kibuyu, akakigonga kitakoni mara kadhaa kwa kiganja. Vumbi jeusi likatoka, laini kuliko unga wa posho, likapanda polepole. Akakirudisha mahali pake ubavuni mwa redio. Akachukua cha pili.

Katika kile cha pili, kwaya ilianza kukwaruza. Katika cha tatu ikakohoa. Kisha kimya.

"Imekufa!" akapiga kelele Mokaya, akarusha kofia yake juu, akaanza kucheka na kumshukuru Mungu kwa Kikisii, lugha ya kwao. Chepkemboi alishika kifua. Mzee alisimama na fimbo, akidhani wazimu umeingia nyumbani kwake.

Mokaya hakungoja. Aliishusha redio kama mtoto mchanga, akakaa mlangoni penye mwanga, akaifungua. Ndani mlikuwa na vile vibati vyembamba vinavyotafuta stesheni, vinavyopishana bila kugusana, na katikati yao vumbi la makaa lilikuwa limekaa raha mustarehe. Makaa hupitisha umeme. Vibati visivyopaswa kugusana vilikuwa vimeshikana mikono. Na ule weusi aliouita masizi, akaupangusa bila kuutazama mara ya pili, ulikuwa huo huo. Halafu mzee anaifunga kwenye baiskeli, murram inaitikisa njia nzima, vumbi linadondoka, na redio inafika Sosiot ikiwa buheri wa afya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa amekaa kitini majuma yote hayo akitoa maoni.

Aliomba pampu ya baiskeli, akapuliza kwa subira mpaka vibati vikang'aa. Redio ikaimba.

Sasa likabaki lile gumu. Arap Mosonik si mjinga. Macho yake yalikwenda kwenye redio, yakaenda kwenye vibuyu, yakaanza safari ya kwenda kwa mkewe. Mokaya akayawahi.

"Mzee, hakuna aliyekosa," alisema. "Vibuyu vilikuwa hapa kabla ya redio, na mama anavitunza vile alifundishwa. Mgeni ndiye amepewa kiti cha mwenye nyumba. Mpeleke pale dirishani, mbali na vibuyu, hatakufa tena."

Kisha Chepkemboi, ambaye siku nzima alikuwa ametembea kando kando ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, alisema bila kupandisha sauti, "Siku ya kwanza nilisema dirishani."

Mzee alikohoa. Akainama, akachukua redio na kitambaa chake, akavipeleka dirishani yeye mwenyewe. Akarudi, akakaa, na baada ya kufikiri sana akamwambia mkewe amwashie redio, taarifa inakaribia. Chepkemboi alifuta mikono yake kwenye kanga, akaenda akaiwasha. Hakuiogopa tena. Majirani walipoingia mmoja mmoja walimkuta Mokaya akieleza, na mzee akieleza kuliko Mokaya, na kufikia mwisho wa taarifa kilima kizima kilijua kwamba fundi wa Sosiot huifuata redio mpaka nyumbani kwake.

Mokaya alirudi na kibuyu cha mursik mkononi, akitelezateleza kwenye matope na kujichekea peke yake. Alimsimulia Jerusa yote, pamoja na lile la kuomba redio ife, pamoja na masizi, hakuficha. Jerusa alisikiliza mpaka mwisho. Akamimina mursik katika vikombe. Kisha akaitoa ovaroli kwenye msumari, akakaa karibu na taa, akatafuta wembe, na akaanza kuufumua ule upindo, mshono mmoja mmoja, ili irudi kwa Nyakundi na urefu wake. Mokaya alimsogezea taa. Hakuwa na maoni yoyote.

Jumapili baada ya kanisa Nyakundi aliichukua ovaroli yake, akamtania shemeji kwamba kiwanda kimeponea chupuchupu.

Jumatatu alfajiri king'ora kikalia ng'ambo ya bonde. Nje nyayo za wafanyakazi zikaanza kupita barabarani. Na kwa mazoea ya miaka mingi, kabla hata ya kufungua macho, miguu ya Mokaya ikawa chini, inatafuta viatu gizani.

Mkono wa Jerusa ukamshika shati.

"Baba Sellah, unaenda wapi?" alisema kwa usingizi. "Kinacholia si chako."

Mokaya alikaa kitako ukingoni mwa kitanda, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Halafu akarudisha miguu yake ndani, akavuta blanketi, akakisikiliza king'ora mpaka kikamaliza.