Mposaji Asiyetaka Kuuliziwa

Nisikilizeni, wazazi wenzangu, hasa nyinyi ambao watoto wenu wanakula kwa kazi ya kuuliza watu maswali. Ndoto hii sikuiomba, na ningeweza kuikalia kimya ningeikalia, maana mimi si mtu wa siasa. Lakini tangu niiote kifua changu hakitulii, nikaona afadhali niseme, anayesikia na asikie.

Siku hiyo binti yangu Batuli, mtangazaji wa redio ndogo ya hapa mtaani kwetu, alirudi nyumbani mchana, miguu imejaa vumbi na mkono wa gauni umechanika. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa kampeni wa mgombea mmoja, mkutano wa hadhara, uwanjani, mahali ambapo hata mbuzi hukatiza bila kuulizwa anakwenda wapi. Mabaunsa wakamsimamisha kwenye kamba. Waandishi waliovalishwa utepe wa mgombea walipita wakicheka, yeye akaambiwa, "Wewe, redio yenu ina maswali mengi. Mheshimiwa leo anahutubia, hajibu." Alipong'ang'ania, wakamvuta. Na swali lenyewe, jamani, halikuwa la kupindua nchi. Alitaka kujua kwa nini kisima cha Mikoroshoni kilifungwa wakati mgombea huyo alipokuwa diwani wao. Alasiri hiyo hiyo kulikuwa na mkutano mwingine wa mgombea yule ng'ambo ya reli, na Batuli alitaka kurudi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, umekula? Kaa nyumbani. Wenye nguvu waachie dunia yao. Mimi sina mtoto mwingine." Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Haya, mama. Siendi." Nilikuwa nimeshinda. Lakini nilipojinyoosha kwenye mkeka baada ya adhuhuri, ushindi ule ulinikwama kooni kama mwiba wa samaki, nikawa nageuka huku na huku, mpaka usingizi ukaniiba.

Nikajiona natembea katika nchi nisiyoijua. Mbingu zake zilikuwa juu mno, juu kuliko mbingu zetu hizi, wala jua sikuliona. Mwanga wa nchi ile uliinuka kutoka ardhini, mweupe na taratibu, kama mvuke wa sufuria ya wali inapofunuliwa. Majani yalikuwa yananong'ona, na kila nilipoinamisha sikio nilisikia majina ya watu, mengine ya waliokufa zamani, mengine ya ambao hawajazaliwa. Nikasema, "Hodi, wenye nchi." Sauti ya mwanamke ikaniitikia nyuma yangu, "Karibu, lakini tazama unapokanyaga." Nikageuka nikamwona, mrefu, mkavu wa mwili, macho yake yakipepesa kila upande lakini mikono yake imetulia tuli. "Naitwa Hadhari," akasema. "Ninaye ndugu yangu, jina lake Hofu. Tulinyonya ziwa moja na sura zetu zinashabihiana, kwa hiyo watu wengi hutuchanganya, hata wakamkaribisha yeye ndani wakidhani wamenikaribisha mimi. Nifuate. Leo kuna posa kubwa, nawe ni mmoja wa wanaotakiwa kuitika."

Tukafika mahali ambapo palijengwa ukumbi wa nguo tupu, kuta za hariri, paa la hariri, mpana kiasi kwamba ndege walioingia upande mmoja walichoka kabla hawajafika wa pili. Ndani yake watu walijaa kama mchanga. Na katikati, juu ya kiti cha mpingo, alikaa bi harusi. Loo, wenzangu, sina maneno ya kumwelezea yule binti. Nilipomtazama mara ya kwanza nilimwona bibi yangu mzaa mama katika ujana wake. Nilipopepesa jicho nikamwona Batuli, akiwa mchanga, siku ile nilipomtoa nje mara ya kwanza. Nikapepesa tena nikaona nyuso za watoto nisiowajua, wengi, wanapita ndani ya uso ule mmoja kama mawingu yanavyopita juu ya maji. Nikapiga magoti bila kuambiwa. Hadhari akaniinamia akasema, "Huyo ni Amana. Hana baba mmoja wala mama mmoja. Ni binti wa watu wote waliomo humu, na kila mmoja wao ni walii wake. Asipopata idhini yenu haolewi. Akishaolewa vibaya, mnaumia nyote, maana vyote mlivyo navyo vimo mikononi mwake."

Ndipo mposaji akaingia. Jina lake Majivuno. Mbele yake walitangulia wapiga ngoma wa Sifa, mashavu yao yametuna, na kila mmoja amefungwa utepe mkononi. Nyuma yake alifuata kizee mmoja, Usahaulifu, ameinama na fagio la chelewa, anafuta nyayo za bwana huyo moja baada ya nyingine, hata ungedhani amezaliwa palepale mlangoni. Na joho alilovaa lilishonwa kwa vioo, vioo kutoka ukosi hadi pindo. Kila aliyemtazama alijiona mwenyewe humo, ananawiri, anatabasamu, mrefu kuliko alivyo. Watu wakalipuka kwa vigelegele. Hata mimi nilijiona, na meno yangu yaliyong'oka yalikuwa yamerudi yote, nikaanza kupiga makofi.

Mwanamke aliyekuwa kando yangu akanigusa bega. "Shoga, umesikia? Mahari yake ngamia, kundi zima!"

"Umewaona?" nikamuuliza.

"Nimesikia wanavyolia."

Mwenzake akaguna, "Mmh! Kulia kama ngamia hata mume wangu analia, akishiba." Tukacheka, na ngoma zikatufunika kicheko chetu.

Hadhari hakucheka. Akaniuliza, "Kwenu, mtu akija kuposa, mnafanyaje?" Nikamjibu kwa haraka, kwa sababu hilo hakuna asiyelijua. "Tunampokea vizuri, tunamnywesha kahawa, halafu tunamwomba atupe siku. Katika siku hizo tunatuma watu kwao. Wanamuuliza jirani, wanamuuliza muuza duka, wanamuuliza mke aliyemwacha kama yupo. Mtu haozi mwana gizani." Akasema, "Na hapa nao wametumwa. Njoo uwaone waliotumwa."

Akanitoa hadi kwenye lango la nyuma. Nje ya lango walisimama mabinti wengi, wamechoka, midomo imekauka kwa safari. Hao ndio waulizaji, binti zake Ukweli. Walikuwa wametoka huko huko alikotoka mposaji, wameyaona kwa macho aliyoyaacha nyuma. Kila mmoja wao alipofungua kinywa aseme, mwanga ulitoka, mwembamba lakini mkali, na palipoangukia mwanga ule hariri ya ukuta ilionekana ilivyo, kitambaa chepesi kilichopachikwa kwa pini. Lakini langoni aliketi mlinzi. Hakuwa na rungu. Hakuwa na bunduki. Alikuwa mwanamke aliyejitanda kanga mpaka puani, ana sauti ya upole, na kila binti alipokaribia, alimfunika kinywa kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama mama anavyomfuta mtoto uji. Akawa anawaambia, "Mwanangu, umekula? Kaa nyumbani. Wenye nguvu waachie dunia yao." Na mabinti, ambao mikuki isingewarudisha, walirudi kwa maneno hayo.

Nikamwambia Hadhari, "Huyu ni nani?" Akasema, "Huyo ni ndugu yangu niliyekutajia. Majivuno hakumpa mshahara wala hakumwita, amejileta. Mfunue." Mkono wangu ukawa mzito kama jiwe la kusagia, lakini nikaivuta ile kanga. Chini yake ulikuwa uso wangu mimi. Ule mkunjo wa kipaji cha uso, ile alama ya kuungua chini ya jicho, vyote vyangu. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Hadhari akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nikisikia hodi huuliza nani, ndipo nikafungua au nikafunga. Huyu hufunga ili asisikie hodi. Mimi humwambia mtoto apite njia gani. Huyu humwambia hakuna njia. Usinichanganye naye tena."

Kabla sijamjibu, ngoma zilinyamaza ghafla. Ukimya ulioanguka juu ya ukumbi ule ulikuwa mkubwa, nikausikia masikioni kama mtu aliyezama. Sauti ikatoka juu, si ya mwanamume wala ya mwanamke, ikasema, "Enyi mawalii, mnaridhia?" Na umati ukaitika, "Tunaridhia," na hariri ikatikisika. Sauti ikauliza mara ya pili, umati ukaitika, lakini safari hii nikawaona wengine wanatazamana. Ndipo Amana akainuka katika kiti chake. Akageuza uso wake wenye nyuso zote, akawapitia watu wote wale kwa macho, akatua kwangu mimi niliyesimama langoni. "Mama," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo, "nani aliniulizia?"

Mabinti walikuwa wanakwenda zao barabarani, mmoja mmoja, wametupa kisogo. Na wa mwisho wao alikuwa na mkono wa gauni uliochanika. Sauti ya juu ikauliza mara ya tatu, na safari hii haikusema mawalii, ilinitaja mimi kwa jina langu alilonipa baba. "Unaridhia?" Ardhi yote ile iliyokuwa iking'aa ikapunguza mwanga wake, kama inayongoja. Nikafungua kinywa.

Nikaamka. Muadhini alikuwa anaadhini alasiri, na jasho limelowesha mkeka. Batuli alikuwa uani anafua, simu yake iko juu ya kiti inaita, anaitazama tu.

"Mbona huipokei?"

"Mhariri huyo. Nimwambie nini?" Akakamua shuka. "Umeota, mama? Ulikuwa unaweweseka, unaniita."

Nilikaa kwenye kizingiti. Ndipo maana ikaanza kunipambazukia, polepole. Nilikuwa nikimlaani moyoni yule baunsa wa kwenye kamba, kumbe kamba ya pili niliifunga mimi, nyumbani kwangu, kwa mapenzi. Na mgombea anayewafukuza wanaomuuliza hana tofauti na mtu aliyekuja kuposa, akasema nipeni binti, lakini marufuku kufika kwetu. Mtu huyo wazee wetu wangemrudishia kahawa yake kwenye birika.

"Mkutano umeanza?" nikamuuliza.

"Bado. Lakini nimeshakwambia siendi, basi."

"Nenda."

Akaacha kufua. "Mama, una homa?"

"Sina. Nenda. Lakini usipite uchochoro wa gulioni, pita barabara kubwa palipo na watu. Na mwambie mhariri ajue ulipo."

"Na wakinizuia tena?"

"Wakikuzuia, usirudi nyumbani. Simama hapo hapo nje ya kamba, uwaambie wasikilizaji kwamba umezuiwa, na swali lako ulitaje lilivyo, neno kwa neno. Mtu akikataa kuuliziwa, hilo nalo ni jibu, na watu wanastahili kulisikia kabla hawajaitika."

Akanitazama vile alivyonitazama mchana, ila safari hii machozi yalimlengalenga. Akajifuta povu mikononi. Mimi woga haukuwa umenitoka, wenzangu, msije mkadhani nimekuwa shujaa. Lakini nikasimama, nikavaa kandambili zangu.

"Wewe tena unakwenda wapi?"

"Tunakwenda wote."

"Mama! Ukifika pale kwa mabaunsa utafanya nini?"

"Nitawauliza wao kwanza," nikasema.