Convertisseur ya Stanislas

Tangu gari litoke Beni, Berthe hakutulia. Mara avute kitambaa cha kichwani, mara abane kwa magoti mzigo uliokuwa kati ya miguu yake, kana kwamba kuna abiria aliyekula njama ya kumwibia. Ndani ya kikwembe chake cha Pasaka alikuwa amefunga mashine ya oksijeni. Parokia iliwaazima kwa ajili ya mumewe, Stanislas, ambaye mapafu yalikuwa yamemchoka kabisa. Daktari hakuzunguka: kesho mgonjwa anatoka hospitali, ila akiwa nyumbani mashine isizime usiku. Ikizima, basi tena.

Sola walikuwa nayo juu ya bati, na batri nzuri. Kilichokosekana ni convertisseur, kile kisanduku kinachochukua moto wa batri na kuugeuza uendeshe vyombo vya nyumbani. Ya zamani iliwasha taa na televisheni bila ubishi, lakini siku Berthe alipoiunganisha na mashine ya oksijeni, ilipiga yowe na kutoa moshi. Taa haina makuu. Mashine yenye moteur ndani, ikiamka, huvuta moto kwa pupa kwanza, ndipo itulie. Somo hilo Berthe alilipata kwa pua yake, nyumba nzima ikinuka plastiki iliyoungua, na tangu siku hiyo usingizi ulimpaa.

Butembo alikwenda moja kwa moja dukani kwa Gérard. Angekwenda wapi kwingine? Gérard ndiye parrain wa ndoa yao, aliyesimama nao mbele ya padri na kuwapatanisha kila walipokosana. Parrain wako akiwa na duka, hununui kwa jirani yake. Ni sawa na kumtemea mate. Wala hujaribu bidhaa yake kana kwamba ni tapeli. Yeye anawasha taa, wewe unainua kitu kuona uzito wake, unashukuru, unabeba. Na uzito, jamani, ndio cheti cha Butembo! Maandishi ya karatoni tunawaachia wenye miwani, sisi tunainua.

"Karibu, mutoto wangu!" Gérard alimpokea kwa mikono miwili. "Stanis iko aje?"

"Anapumua mubaya, parrain. Kesho banamutosha ku hôpital."

"Usiogope. Nilishakuwekea ya kwako. Inua."

Berthe akainua. Ilikuwa nzito mpaka kiuno kikalalamika. Gérard akaiunganisha na batri, akachomeka ampoule, na duka likang'aa. Wateja wakaguna kwa kuridhika.

"Unaona? Original. Beba, uende, gari haitakungoja."

Kweli lisingengoja. Magari ya Beni yalikuwa yakiondoka pamoja, mapema, kwa sababu barabara ile hakuna anayeichezea jua likishuka na wenye bunduki kutoka porini. Berthe akaweka mkono juu ya karatoni. Neno la shukrani, wasingya, lilikuwa tayari mdomoni. Likagoma kutoka.

"Parrain, unisamehe," akasema. "Naomba tujaribu na mashine ya Stanis. Nilikuya nayo."

Watu waliokuwa wakibishana bei ya nyaya wakageuka kutazama. Gérard alimtazama kama mtu aliyezabwa kofi kanisani.

"Donc weye unanipima miye? Mbele ya batu? Miye mwenye nilisimama na weye mbele ya padri?"

"Hapana vile, parrain."

"Ni vipi basi?"

Berthe aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimpenda mzee huyu, na kumvunjia heshima kulimuuma. Lakini Stanislas alimpenda zaidi, na hilo halikuwa na mjadala.

"Weye ukikasirika, nitakuya kukuomba pardon," akasema. "Mais Stanis akikosa pumuzi, pardon nitaomba nani?"

Gérard alijitenga kando, mikono nyuma, uso umekaza. Berthe akafungua kikwembe haraka haraka, akachomeka mashine, akabonyeza. Mashine ikashtuka, ikavuta. Convertisseur ikatoa mlio mwembamba wa kukera, taa nyekundu ikawaka, ampoule ikafifia, kisha kila kitu kikazima. Akajaribu tena, yakawa yale yale.

Nyuma mtu mmoja alicheka, kisha akajutia. Berthe alisubiri kufukuzwa. Alipothubutu kuinua macho, aliona kwamba Gérard hamtazami yeye. Alikuwa akitazama nafasi tupu kwenye étagère, rafu ile ya bidhaa, na rangi ilikuwa imemtoka.

"Ingine kama hii nilituma Kalunguta," akasema polepole. "Ku maternité. Kwa batoto benye banazaliwa mbele ya wakati."

Akatoa simu, vidole vikikosea namba. Muuguzi aliyepokea aliitwa Christa, na Gérard hakumpa hata nafasi ya kusalimia. "Christa, ile convertisseur, musiitumikishe! Mubakie na groupe ya mafuta kwanza... Bado haijafungwa? Kweli bado? Mungu wangu." Akakaa juu ya karatoni, ghafla mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. "Nilijaribu na ampoule," akamwambia Berthe. "Siku zote najaribuka na ampoule."

Berthe akatazama karatoni zilizobaki: bidhaa zote za duka hili zilifika pamoja, huenda zote ni vile vile, na nje dereva alishaanza kupiga honi.

Gérard akainuka. Akaipakata mashine mwenyewe na kuvuka barabara hadi duka la Eliezer, mshindani wake, ambaye kwa miaka walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mtaa mzima ulilijua hilo. Hata waendesha pikipiki walipunguza mwendo wapate kuona.

"Gérard?" Eliezer akasimama.

"Salamu tutapigana kisha. Lete convertisseur ya muzuri yenye uko nayo. Na usiniletee ampoule."

Eliezer aliitazama mashine, akamtazama Berthe na macho yake mekundu, akaenda kuleta. Ilikuwa nyepesi, na waliokuwa mlangoni wakanong'ona. Berthe akachomeka. Mashine ikashtuka, ikavuta, convertisseur ikanguruma kidogo, ikatulia. Hewa ikaanza kutoka. Gérard akasogeza mrija shavuni pake na kufumba macho.

"Inatosha?" Eliezer akauliza baada ya muda.

"Hapana bado. Usiku ni murefu."

Wakaiacha iendelee, wote watatu wakiisikiliza, honi ikilia huko nje na hakuna aliyegeuka. Hewa haikukatika. Berthe alijaribu kujizuia, akashindwa, akalia waziwazi kati ya karatoni za watu.

"Nikufungie hii?" Eliezer akauliza kwa upole.

"Funga mbili," Gérard akasema. "Moja ya Stanis, ingine ya Kalunguta. Ya kwangu yote nitaondosha ku étagère leo."