Lundo la Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja kukaa mwezi mzima, akiwa na begi moja na fagio lake mwenyewe, maana fagio la watu hakuliamini. Asubuhi ya kwanza, chai haijachemka, uwanja ulikuwa umeshang'aa na kuku wamesimama pembeni hawajui waparue wapi. Asubuhi ya pili alifungua mlango wa nyuma, akaliona shamba, akapiga kofi la mshangao.

"Mwanangu, humu ndani kuna mgonjwa?"

"Tuko salama, mama," alijibu Mama Pacha, mke wa mwanawe.

"Sasa mbona shamba liko hivi?"

Lilikuwa hivi: mabua ya mahindi yamelala chini, majani makavu yametandazwa juu yake, mashina ya maharage hayajang'olewa. Mgeni angesema hapa wamehama. Kumbe ilikuwa kazi ya Mama Pacha ya miaka minne. Alipoanza, udongo ule ulikuwa mgumu kama tofali, jembe likitua mkono unauma hadi begani. Bwana shamba akamwambia aache kutifua, aache kuchoma, aifunike ardhi na kuiacha ijilishe. Majirani walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Sasa udongo ulikuwa mweusi, vidole vinazama bila kusukuma, na mvua ikinyesha maji hayakimbilii tena barabarani. Mama Pacha alilipenda shamba lile waziwazi, wala hakuona haya.

Tatizo lilikuwa mdomo. Tangu aolewe, mazungumzo yake na mama mkwe yalikuwa ndiyo mama, asante mama, pole mama. Neno la kumkataza jambo halikuwemo, na hakujua hata linaanzia wapi. Kwa hiyo mama mkwe aliposhika reki na kuanza kukusanya mabua, yeye alisema, "Pole na kazi, mama," kisha akakimbilia kwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha.

"Zungumza na mama yako. Analivua shamba langu nguo."

Fundi akachukua pini mbili, akazibana kwa midomo. "Mmh," akasema.

"Mmh ndiyo, au mmh hapana?"

Akaongeza pini ya tatu.

Hapo Mama Pacha akajua hana mtu. Mama mkwe alipoingia kunywa maji, yeye akaificha reki chini ya kitanda. Mama mkwe akaendelea na fagio lake. Mama Pacha akakichimbia kiberiti kwenye gunia la mchele. Haikusaidia. Kufika adhuhuri lundo lilikuwa limefika usawa wa kiuno, na mama mkwe alikuwa anatoka kwa jirani na kaa la moto juu ya mfuniko wa sufuria, anatembea polepole, uso umejaa furaha.

Mama Pacha akatazama kulia, akatazama kushoto, akapanda juu ya lundo na kukaa.

Mama mkwe akasimama. "Mwanangu, umekaa wapi hapo?"

"Napumzika, mama."

"Viti vipo ndani."

"Hapa pananifaa, mama."

Bibi akazunguka upande wa pili. Mama Pacha naye akajivuta, mabua yakimchoma, akageukia huko huko. Bibi akarudi. Mkwewe naye akarudi. Dirishani cherehani ilikuwa imenyamaza kabisa.

"Shuka, mwanangu, nichome takataka."

"Si takataka!" Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa. "Mama, usichome! Majani haya yamekua kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani. Yakiozea hapa, sehemu yake inabaki udongoni. Ukiyachoma, hewa yote inarudi juu, joto linazidi, mvua zinavurugika. Huo moshi ni shamba langu linaondoka!"

Mama Pacha alitamani lundo lifunguke limmeze.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema taratibu, "mimi na fagio langu ndio tulioharibu mvua?"

"Si nyinyi peke yenu, mama."

Bibi alilitazama kaa, likianza kuvaa majivu. Akaweka mfuniko chini, mbali na mabua, akapanda kwa shida, akakaa kando ya mkwewe.

"Mbona hukuniambia tangu asubuhi?"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuwa naogopa zaidi." Aliongea huku akichambua jani moja. "Tangu nifike, nikishika sufuria naambiwa kaa mama. Nikishika ndoo, pumzika mama. Nikajisemea, haya, wameshaniweka kando. Hapa shambani hakuna aliyenifukuza, nikafikiri nimepata kazi."

Mama Pacha alimsogelea. Muda wote huo aliamini anamheshimu.

Waliyarudisha mabua pamoja mpaka jua likapoa. Bibi aliyapanga kwa mistari iliyonyooka, akiyasukuma kwa mguu pale yalipopinda, na mara mbili Mama Pacha akamwambia, "Sivyo, mama, tawanya tu," na mbingu haikuanguka.

Walipokuwa wananawa mikono, Mama Pacha akavuta pumzi.

"Mama, kesho kuna upande wa juu haujafunikwa. Peke yangu sitauweza."

Mama mkwe alijifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja, uso ameuinamisha.

"Saa ngapi?" akauliza.