Mfuko wa Viatu Uliozidi

Basi la vitanda kutoka Hà Nội lilisimama saa kumi na mbili na robo asubuhi kando ya barabara kuu, mbele ya duka la vigae, kilomita nne kabla ya stendi ya Huế. Halikuwa limeharibika. Lilisimama hapo kwa sababu dereva alikuwa anakaa mtaa huo na alitaka kwenda kunywa supu. Utingo aliwaamsha wazungu wa mabegi mmoja mmoja kwa kuwavuta vidole vya miguu, akawashusha juu ya lami wakiwa na soksi tu.

Viatu vilishuka baada yao. Kwenye basi la vitanda hakuna anayelala na viatu. Kila abiria anavivua mlangoni na kupewa mfuko wa plastiki wa kuvitia. Utingo aligawa ile mifuko. Wazungu walikuwa kumi na mmoja. Mifuko ilikuwa kumi na miwili.

Mfuko wa kumi na mbili ulikuwa na gambuti za njano zilizojaa zege hadi juu.

"Za nani hizi?" utingo aliuliza.

Utingo akaanza kuinua mabegi moja baada ya jingine, na alipofika kwenye begi la Joris akaliweka chini haraka na kujishika kiuno.

"Zako," alisema.

Joris alikuwa Mholanzi wa miaka ishirini na minne, mrefu kiasi kwamba alikuwa amesafiri usiku kucha magoti yakiwa karibu na masikio. Alinyoosha mguu kuonyesha kwamba viatu vyake ni hivi alivyokwisha vaa.

"Sijasema uzivae. Nimesema zimekuja na begi lako." Utingo akamtundikia mfuko mkononi, akapanda, na basi likaenda kunywa supu.

Joris alijaribu kubeba begi, akakaa chini. Kule Hà Nội lilikuwa na kilo kumi na tatu. Sasa lilikuwa na uzito wa mtu mzima. Aliamua kwamba ni uchovu, kwa sababu katika miezi minne ya safari mambo mengi yalikuwa yamegeuka kuwa ni uchovu, na mengine kuharisha.

Madereva wa bodaboda waliwanyakua wazungu wenye mabegi mepesi. Toản, ambaye alikuwa amebadilisha springi za pikipiki wiki iliyopita, akabaki na Joris. Toản alijua lugha ya wazungu kiasi cha kutosha kubishana nao.

"Wapi?"

Joris alionyesha simu. Alikuwa amepanga chumba katika hoteli moja karibu na mto.

"Sikuulizi wewe," Toản alisema. Aliinama akagonga begi mara mbili. "Wapi, kaka?"

"Kichochoro cha kinu cha mchele," begi lilijibu. "Nyumba ya Nhạn. Na kwenye matuta nenda taratibu, shingo inaniuma."

Toản alisogeza sikio karibu. "Khoát? Ni wewe?"

"Ulitaka awe nani?"

"Watu walisema umepata mwanamke huko kaskazini."

"Ningekuwa na mwanamke ningerudi nimejikunja kwenye chupi chafu za mzungu?"

Toản aliona hoja hiyo ina mantiki. Alifunga begi nyuma ya pikipiki kwa mipira mitatu badala ya mmoja.

Joris hakuelewa maneno, lakini alielewa kwamba hapelekwi hotelini. Mchezo huu aliujua. Alikwisha kutana na dereva aliyesema hoteli imeungua, na mwingine aliyesema hoteli ipo ila mwenyewe amefariki na wageni hawapokelewi. Begi linaloongea lilikuwa jipya kwake, lakini mwisho wa hadithi ni ule ule.

"Unanipeleka kwa binamu yako," alisema.

"Sina binamu mtaa ule. Nakupeleka kwa mke wake." Toản alionyesha begi. "Na nauli ni ya watu wawili."

"Mimi ni mmoja!"

"Wewe ni mmoja. Na yeye?"

Walibishana mpaka duka la vigae likafunguliwa. Walikubaliana nauli ya mtu mmoja na nusu, na kila mmoja alipanda pikipiki akiamini ameingizwa mjini.

Nhạn alikuwa ameinama kwenye kizingiti cha nyumba yake anapiga deki. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Miaka mitatu nyuma mumewe Khoát alikwenda kaskazini kujenga daraja, na baada ya miezi mitano ikaja barua ya kampuni: mfanyakazi huyo ameacha kazi kwa hiari yake bila kuaga, na kampuni haijui alipo. Barua ilikuwa na mihuri miwili. Tangu hapo Nhạn hakuwa mke wala mjane. Picha ya mumewe aliilaza kifudifudi kwenye droo, kwa sababu kuweka picha ya mtu aliye hai juu ya meza ya marehemu ni kumwapiza, na kumwacha mfu bila siku yake ya kumbukumbu ni kumshindisha njaa. Siku hiyo hupikwa chakula, vijiti vya udi huwashwa, marehemu huitwa kwa jina aje ale. Lakini lazima iwe tarehe aliyokufa hasa. Huwezi kubahatisha, maana ukikosea anakula mfu mwingine. Nhạn alikuwa na jina, alikuwa na wali, alikuwa na udi. Tarehe ndiyo hakuwa nayo.

Sokoni wanawake walimuuliza, "Mke mwenzio hajambo?" Alijibu hajambo, anawasalimu, akaendelea kuchagua majani. Binti yao Vy alikuwa ameolewa Đà Nẵng, na Nhạn alikuwa amegeuza vyumba viwili vya juu kuwa vya kulaza wazungu wa mabegi. Wazungu hawakumuuliza habari za mumewe. Waliuliza tu kama maji ni ya moto.

"Shemeji," Toản alisema akizima pikipiki, "nimekuletea mgeni. Na mumeo."

Nhạn alitazama mfuko uliokuwa mkononi kwa Joris. "Gambuti hizo ziache nje," alisema. "Nimeshapiga deki."

Alifungua begi pale barazani. Zilitoka fulana mbili, taulo bichi, chaja, kisha akatoka Khoát, polepole, bega moja kwanza. Alikuwa wa kijivu kuanzia nywele hadi kucha. Soksi ya Joris ilikuwa imemning'inia sikioni.

"Umekonda," Nhạn alisema.

"Nguzo inabana, Mama Vy."

Joris aligundua kwamba zipu ya begi lake imeachia meno, akauliza nani atalipa. Nhạn alisema ataishona mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, na akamuuliza kama anataka supu yenye pilipili au isiyo na pilipili. Walikaa kwenye supu wote wanne. Khoát alikunywa mabakuli matatu, na supu ilipita ndani yake ikachuruzika chini ya kigoda, nyeupe kama chokaa.

Alieleza kwa kifupi, maana meno yalikuwa mazito. Ilikuwa saa tisa alasiri. Walikuwa wanamwaga zege kwenye nguzo ya tatu, ukihesabu kutoka upande wa kusini. Ubao aliosimama juu yake uliteleza. Msimamizi alichungulia, akasema wakisimamisha kumwaga nguzo itapata ufa, na kesho yake mkaguzi anakuja. Basi wakaendelea kumwaga.

"Mkaguzi akasemaje?" Toản aliuliza.

"Akaisifu. Alisema nguzo ya tatu ndiyo imara kuliko zote."

"Na miaka mitatu yote hii?"

"Mabasi hayasimami pale. Hili la juzi... hapana, la jana. Jana dereva alibanwa na mkojo. Mlango wa mizigo ulikuwa wazi."

Joris, kupitia kwa Toản, alitaka kujua kwa nini begi lake.

"Ndilo lilikuwa na nafasi," Khoát alisema. "Wale wengine wamebeba madawa ya nywele."

Nhạn alikuwa hajagusa supu yake. Aliweka kijiko chini.

"Siku gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Ulikufa siku gani, Baba Vy? Tarehe."

Khoát alifikiri. Vumbi lilimdondoka kwenye nyusi. "Jikoni kambini kulikuwa na ile kalenda ya kuchana. Siku ile mimi ndiye niliyechana asubuhi. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa pili wa kwetu, wa mwandamo. Nakumbuka kwa sababu karatasi ile niliifungia kitumbua."

Nhạn aliinuka. Kwenye ukuta wa jiko kulikuwa na kalenda ya kampuni, yenye picha ya daraja. Ilikuja kila mwaka mpya kwa posta. Jina la Khoát lilikuwa limefutwa kwenye orodha zote za kampuni isipokuwa ile ya kalenda. Alifungua ukurasa, akaizungushia tarehe duara kwa kalamu, akalirudia lile duara mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akarudi akala supu yake, ambayo ilikuwa imepoa.

Saa kumi na moja jioni alikuja Quýnh, askari wa kata, kukagua kitabu cha wageni kama alivyofanya kila siku. Alikuwa kijana mnene mwenye adabu, na alivua kofia alipomwona Khoát.

"Shikamoo, baba. Karibu nyumbani."

"Marahaba."

"Afande," Nhạn alisema, "nataka cheti cha kifo."

"Cha nani, shangazi?"

"Cha huyu."

Quýnh alikaa. Alitoa kalamu, akairudisha mfukoni. "Shangazi, usinitie matatani. Nitaandikaje mtu amekufa wakati amekaa mbele yangu anachokonoa meno?"

"Basi andika amerudi."

"Arudishwe na nani? Faili linasema ametoroka kazini, hajulikani alipo. Kumfuta kwenye utoro nahitaji barua ya kampuni. Na kampuni walishaandika barua. Ina mihuri miwili."

"Nimo ndani ya nguzo ya tatu," Khoát alisema. "Mkachimbe."

"Baba, lile daraja limeshazinduliwa. Lipo hata kwenye kalenda ya ofisini kwetu." Quýnh alisema hivyo kwa huruma ya kweli. "Kwa cheti nahitaji mwili. Mwili umo kwenye daraja. Daraja ni mali ya umma. Nikilitoboa nafungwa mimi."

"Kwa hiyo si mzima, si maiti," Nhạn alisema.

"Kwa upande wa makaratasi, ndiyo, shangazi."

Juu Joris alisikika akiimba bafuni. Quýnh alipekua kitabu cha wageni, akamkuta Mholanzi mmoja, akamtazama Khoát, na uso wake ukaonyesha mtu aliyekumbuka wajibu.

"Lakini leo analala hapa?"

"Analala."

"Anayelala lazima aandikwe. Hiyo ni sheria, na hapo sina ubishi na mtu." Akatoa kalamu tena. "Jina ninalo. Namba ya kitambulisho?"

"Kipo mfukoni," Khoát alisema, "na mfuko haufunguki."

"Tutaweka kistari. Anakotoka: darajani. Usiku ngapi?"

"Mmoja," Khoát alisema.

Nhạn alimgeukia. "Kwa nini mmoja?"

"Nguzo imeniegemea, Mama Vy. Nikitoka siku mbili itaachia, na mabasi yanapita pale usiku na mchana." Alitazama mikono yake. "Na kazi yenyewe nimeshaizoea."

"Huko kuna baridi?"

"Juu magari, chini maji. Si mbaya sana."

Quýnh alisubiri wamalize, kisha akauliza swali la mwisho kwenye fomu, ambalo ni sababu ya kuja. Sheria ilimpa nafasi tatu za kuchagua: biashara, ugonjwa, utalii. Khoát hakuwa na biashara, na ugonjwa ulikuwa umeshampita. Quýnh aliandika utalii, akagonga muhuri, akaaga kwa kuinama.

Kesho yake Khoát aliondoka mapema, ndani ya begi la msichana wa Kikorea aliyekuwa anakwenda Hà Nội. Toản ndiye aliyempakia. Alimpa utingo mfuko wa gambuti na kumwambia asizipoteze, na kwamba dereva akifika darajani akumbuke kubanwa na mkojo. Joris aliondoka saa sita mchana kuelekea kusini, begi lake likiwa jepesi kiasi kwamba alilifungua mara mbili kuangalia kama ameibiwa. Jioni aliandika maoni yake kwenye simu kwa ajili ya wasafiri wengine: supu nzuri sana, mwenyeji mkarimu, lakini mwanaume wa nyumba hiyo anaacha zege bafuni. Alitoa nyota nne.

Nyayo za Khoát zilibaki kwenye ngazi. Nhạn alizisugua kwa brashi, baadaye kwa patasi, halafu akaziacha. Wageni walizitumia kupandia, maana hazikuteleza.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili Nhạn alipika nguruwe wa mchuzi, chipukizi za mianzi na wali, akaalika kichochoro kizima. Wanawake wa sokoni walikuja wote na hakuna aliyemtaja mke mwenza. Quýnh alikuja amevaa shati jeupe, akala mabakuli mawili, akaongezewa. Asubuhi ile ile alikuwa amejaza taarifa ya mwaka ya kata, na katika safu ya watu waliotoroka makazini aliandika kama mwaka uliopita: mmoja.

Kalenda mpya ya kampuni ilikuwa imefika wiki chache kabla. Safari hii walikuwa wamelipiga picha daraja kutoka mtoni, jua limechomoza, nguzo zote zinaonekana. Ile picha ya kwenye droo ilikuwa ya kabla ya harusi, Khoát ana nywele ndefu na tabasamu la kijinga, na Nhạn aliona haifanani naye tena. Alichukua mkasi, akahesabu kutoka upande wa kusini, akaikata nguzo ya tatu kwa uangalifu na kuitia kwenye fremu. Aliiweka juu ya meza, akawasha udi, akamwita kwa jina aje ale.

Quýnh alisogea na bakuli lake, akaitazama.

"Ametoka vizuri," alisema.

"Ndiyo picha yake ya karibuni," Nhạn alisema, na akampelekea mchuzi zaidi.